Chokochoko: Historia ya Neno la Kudunisha Lalamiko katika Kiswahili cha Thika na Ruiru

Kamusi za Kiswahili huliweka neno chokochoko karibu sana na fitina na uchochezi. Fasiri hiyo si mbaya, lakini haitoshi. Fitina ina mtu wa tatu: mfitini husimama baina ya wawili akawatenga. Uchochezi una moto: mchochezi husukuma kuni ndani ili ndimi zipande. Chokochoko haihitaji mtu wa tatu wala moto. Kibarua anayemwambia msimamizi wake kila jioni kwamba kipimo hakikuwa sawa hafitini mtu, wala hachochei. Na hata hivyo, katika Kiswahili kisemwacho Thika na Ruiru, yaelekea ataambiwa aache chokochoko. Hapo neno lina maana ya ukosoaji mdogo mdogo wa kuudhi, ule wa kutafuta kasoro mahali ambapo, kwa maoni ya anayekosolewa, hapakustahili kutafutwa kitu. Udogo huo ndio kiini cha neno, nao aghalabu huachwa nje ya fasiri. Makala haya yanaufuatilia: umetoka wapi katika umbo la neno, ulikutana na nini ulipofika katika miji miwili hii ya Kiambu, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuupima.

Mzizi wa neno wajulikana. Kitenzi -chokoa ni kutia kitu chembamba chenye ncha katika tundu au upenyo ili kukitoa kilichomo. Mtu huchokoa meno, huchokoa sikio, huchokoa mwiba uliozama kidoleni. Mwisho wa -oa hapa ni ule wa vitenzi vya kutoa nje, kama -ng'oa, -opoa na -chopoa. Zamani palikuwa na l kabla ya irabu ya mwisho. L hiyo imemezwa katika kauli ya kutenda, lakini hujitokeza tena mtu anaposema kijiti cha kuchokolea meno, na katika kauli ya kutendesha hugeuka z, kama -potea inavyozaa -poteza na -legea ikazaa -legeza. Kwa hiyo -chokoza, kwa umbo lake, ni mtoto halali wa -chokoa, ijapokuwa maana yake haimo tena katika kumfanya mtu achokoe, bali katika kumgusagusa mwingine mpaka akasirike. Ndugu zake wengine ni -chokora, iliyobakiza kitamkwa kile cha kale kwa sura ya r, na -chokonoa, ambayo huongeza ukaidi wa kidole kisichokubali kutoka tunduni.

Kutokana na mzizi huu mmoja lugha imezaa nomino mbili zenye uzito tofauti kabisa. Ya kwanza ni uchokozi. Katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kitendo cha majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka na kuingia Tanzania kiliitwa uchokozi, na hapakuwa na aliyeliona neno hilo kuwa jepesi mno kwa tukio hilo. Ya pili ni chokochoko, iliyopatikana kwa kukariri mzizi, kama pilikapilika na hekaheka. Ukariri wa namna hii katika Kiswahili huonyesha tendo linalorudiwarudiwa kwa vipande vidogo, lisilo na mwisho wala tokeo. (Chokochoko ya tunda, lile lenye ganda la nywele ambalo Unguja hujulikana zaidi kwa jina la shokishoki, haihusiki hapa.) Kwa hiyo udogo haukuongezwa na wasemaji wa bara, ulikuwamo katika umbo. Anayechagua kusema chokochoko badala ya uchokozi amekwisha kutoa hukumu juu ya ukubwa wa jambo kabla ya kulieleza.

Pwani, hata hivyo, neno lilibaki na kumbukumbu ya kazi yake ya asili. Iko methali mashuhuri inayomwambia mtu kwamba kama ni kuchokoa basi amchokoe pweza, kwa kuwa binadamu hatamweza. Anayeijua methali hiyo anajua pia ilikotoka: maji yakipwa, wavuvi na wanawake huenda mwambani na vijiti, wakatafuta matundu, wakachokoa hadi pweza atoke. Ni kazi ya subira na ujuzi, na mwisho wake ni kitoweo. Methali inakataza kumchokoa binadamu kwa sababu ya hatari yake. Haisemi kwamba tundu ni tupu. Jambo hili ni la kuzingatiwa, maana ndilo lililopotea neno lilipopanda bara.

Thika na Ruiru si miji ya Waswahili wa asili. Kiswahili kilifika huko pamoja na wapagazi, askari, mafundi na vibarua, na kikapata makao kwa sababu ya mashamba makubwa. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Kandokando yake yalienea mashamba ya kahawa na mkonge ya walowezi, na upande wa Juja palikuwa na shamba la Mmarekani William Northrup McMillan. Elspeth Huxley, ambaye kitabu chake cha mwaka 1959 ndicho kilicholipeleka jina la Thika kwa wasomaji wa Kiingereza duniani, alilelewa katika mojawapo ya mashamba ya huko. Mkikuyu, Mkamba na watu waliotoka magharibi mwa nchi walikutana katika mistari ileile ya mikahawa, na juu yao mnyapara, na juu ya mnyapara bwana shamba. Lugha iliyowaunganisha wote hawa ilikuwa Kiswahili, lakini Kiswahili cha namna gani?

Kiswahili cha walowezi, kilichobandikwa jina la Kisetla, kilikuwa lugha ya amri. Kilifundishwa hata kwa vitabu. Mazoezi ya Kiswahili cha bara ya F. H. Le Breton, yaliyotolewa mwaka 1936, yalikusudiwa kwa askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Katika lugha hiyo ukanushi wote ulibebwa na hapana moja, na dhamiri tegemezi, ile inayomwezesha mtu kusema naomba unisikilize au afadhali tupime tena, ilikuwa adimu. Matokeo yake ni kwamba ngazi zote zilizoko baina ya ombi na tusi ziliondolewa. Mfanyakazi aliyetaka kusahihisha jambo hakuwa na njia ya kulisema kwa adabu, maana adabu yenyewe haikuwamo katika sarufi aliyopewa.

Yaliyoyapata maneno ya mazungumzo katika mashamba hayo yanastahili kuangaliwa moja moja. Shauri, ambalo pwani ni rai inayotolewa baada ya watu kuketi na kutafakari, likawa tatizo, kesi, usumbufu. Na kwa maana hiyo likaingia hata katika Kiingereza cha walowezi. Maneno likawa ugomvi: mwenye maneno mengi si msemaji hodari bali mlalamikaji. Kelele, ambayo ni jina la sauti, likageuzwa amri ya kunyamazisha sauti. Fitina, neno zito lililokuja na Uislamu, likashushwa mpaka likatosha kumhusu mpishi aliyesema nyama haikutosha. Maneno yote manne yalielekea upande mmoja. Kila lililokuwa na maana ya watu kusemezana lilikwisha kuwa na maana ya watu kusumbua.

Nyuma ya lugha ilikuwapo sheria. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906, iliyorekebishwa mara kadhaa baadaye, iliyafanya baadhi ya makosa ya kazini kuwa makosa ya jinai, na miongoni mwake ilikuwamo lugha ya matusi kwa mwajiri. Tatizo la kiisimu lililomo humo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ni nani aliyeamua, katika lugha ambayo pande zote mbili ziliisema kwa kubahatisha, wapi lalamiko linakoma na tusi linaanza?

Mfano ulio wazi ni wa debe. Mchuma kahawa alilipwa, na bado hulipwa katika mashamba mengi, kwa idadi ya madebe aliyoyajaza. Debe ni kopo la mafuta ya taa lililogeuzwa kipimo, na kipimo hicho kina matatizo yake. Kuna debe lililosawazishwa ukingoni na kuna debe lenye kilele. Kuna debe lililomiminwa hivi hivi na kuna lililotikiswa hadi buni zikashuka na kuacha nafasi ya kiganja kizima. Kwa mwenye shamba anayehesabu kwa tani, kilele cha debe ni kitu kidogo mno. Kwa mama anayelipwa kwa madebe manne au matano, vilele vitano ni karibu debe zima, na debe zima ni unga wa jioni. Mzozo juu ya kilele cha debe huonekana kutoka juu kuwa ni kutafuta kasoro ndogo ndogo, na kutoka chini ni hesabu ya mshahara. Hakuna kamusi inayoweza kusema ni upande gani ulio sahihi. Lakini jina lililobaki katika lugha ni lile lililotolewa kutoka juu.

Hali hii haikuwa ya mashambani tu. Harry Thuku, aliyezaliwa Kambui, si mbali sana na Ruiru, aliongoza mwaka 1921 malalamiko ambayo kila moja lilikuwa na kipimo chake: kipande, kodi, kazi ya kulazimishwa kwa wanawake na wasichana, na mpango wa waajiri wa kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Hayo yalikuwa mambo ya kuhesabika. Jibu la serikali halikuwa la hesabu. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922 kwa kuhesabiwa mtu wa hatari kwa amani na utulivu. Siku mbili baadaye watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, na idadi rasmi ya waliokufa ilikuwa 21. Thuku mwenyewe alikaa kizuizini karibu miaka tisa. Hapa ukubwa ulipimwa kinyume: lalamiko lilelile ambalo shambani lingeitwa kelele, likikusanya watu, liliitwa hatari. Mlalamikaji hakuwa na kipimo cha kati. Ama alikuwa mdogo mno asikilizwe, ama mkubwa mno aachwe.

Baada ya uhuru Kisetla kilififia pamoja na wenyewe, na Kiswahili cha Thika kikaanza kupokea msamiati mpana zaidi kutoka redioni, shuleni na majukwaani. Jomo Kenyatta, ambaye nyumba yake ya Gatundu haiko mbali na Thika, alikuwa na desturi ya kusoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, kisha kuiweka karatasi kando na kuzungumza Kiswahili cha papo kwa papo. Katika siasa za mikutano ya hadhara za namna hiyo, za wakati wake na za baada yake, maneno kama fitina, chokochoko na nyokonyoko yalipata ukumbi ambao hayakuwa nao. (Hilo la mwisho humkera mtu wa pwani kwa sababu nyingine, maana sikioni mwake halitengani na tusi la mama.) Ukumbi ulipanuka zaidi Julai 1974, Kenyatta alipotangaza kwamba Kiswahili kitumike Bungeni. Lugha ya jukwaa na lugha ya Bunge zikakaribiana.

Ni katika Bunge hilo ambapo suala la ukosoaji mdogo na mkubwa lilijitokeza kwa namna iliyo wazi kuliko popote. Mwezi Oktoba 1975 Martin Shikuku alisema kwamba kuna watu wanaojaribu kuliua Bunge kama chama cha KANU kilivyouawa. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney aliamua kwamba jambo lililo dhahiri halihitaji kuthibitishwa. Wote wawili walikamatwa Bungeni tarehe 15 mwezi huo na kutiwa kizuizini hadi Desemba 1978. Anayetaka kuthibitishiwa anakubali angalau kwamba kuna dai. Chokochoko, kama neno, humwepusha msemaji na hatua hiyo. Asiyetaka dai lithibitishwe wala likanushwe huliita chokochoko, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sifa hiyo yaonekana pia katika sarufi. Chokochoko ni nomino isiyopenda nafsi ya kwanza. Mtu wa Thika husema bila shida: unaleta chokochoko, wanaleta chokochoko, acha chokochoko zako. Nadra sana kusikia mtu akisema nataka kuleta chokochoko kidogo, isipokuwa kwa mzaha. Linganisha na -kosoa: naomba kukosoa, niruhusu nikukosoe, ni sentensi za kawaida. Kitenzi hicho kimejengwa juu ya kosa kwa kiambishi cha kutengua, kile kilichomo katika -fungua na -ziba kuwa -zibua, kwa hiyo kukosoa ni kuliondoa kosa, na mwenye kukosoa anakubali jina lake. Chokochoko haina mwenyewe aliyelichagua. Ni jina la kupewa, na mtoaji ni daima yule ambaye kijiti kimemgusa.

Kikuyu, lugha ya majirani na wenyeji, kina neno mũcene, yaani umbeya, na neno hilo limeingia katika Sheng na katika mazungumzo ya matatu za barabara ya Thika. Lakini mũcene na chokochoko hazishindani. Mũcene husemwa nyuma ya mtu. Chokochoko husemwa mbele yake. Kwa hiyo Kiswahili cha Ruiru kilihitaji maneno yote mawili, na kimeyaweka bega kwa bega: anayekunung'unikia nyuma ni wa mũcene, anayekukabili ana kwa ana ni wa chokochoko. Mtu anaweza kujiuliza mlalamikaji amebakiziwa mahali gani pa kusimama.

Jirani mwingine wa karibu ni chokoraa. Neno hilo, la mzizi uleule, hapo kale lilimhusu mtumishi wa jikoni au mfuasi asiye na cheo. Katika miji ya Kenya limehamia kwa watoto na vijana wasio na makao ambao hupekua majaa kutafuta chakula na vitu vya kuuza; katika Nairobi hali yao ndiyo iliyomfanya Padri Arnold Grol aanzishe Undugu Society katika miaka ya mwanzo ya 1970, na Thika, mji wa viwanda wenye stendi kubwa na soko kubwa, haikuepukana nao. Chokoraa huchokora jaa. Sikio la mjini, linalosikia maneno haya mawili kila siku, huzifunga pamoja picha zake: mkosoaji wa mambo madogo naye huonekana kama mtu mwenye kijiti juu ya taka za wengine. Dharau iliyomo katika neno moja huivuja nyingine. Na yapaswa kusemwa kwamba kijana yule hapekui jaa kwa ukaidi. Anapekua kwa sababu kimo kitu.

Miaka iliyofuata ilileta mfano usio wa Kiswahili, lakini unaoeleweka vizuri zaidi kwa Kiswahili. Mwezi Machi 2006, baada ya polisi kuvamia usiku gazeti la The Standard na kituo cha televisheni cha KTN, waziri John Michuki alisema kwa Kiingereza kwamba anayemsumbua nyoka ajitayarishe kuumwa. Mswahili akiisikia kauli hiyo, kitenzi kinachomjia ni -chokoza, na methali inayomjia ni ile ya pweza. Tofauti ni moja tu. Katika methali anayeonya ni mtu wa tatu mwenye kumhurumia mchokozi. Katika kauli ya 2006 anayeonya anazungumza kwa niaba ya nyoka.

Ruiru ya leo haina tena mikahawa mingi. Mashamba yamekatwa viwanja, majumba ya kupanga yamesimama mahali pa mistari ya kahawa, na sensa ya mwaka 2019 iliupa mji huo watu zaidi ya 490,000. Mzozo wa debe umepokelewa na mzozo wa maji, wa mita ya umeme na wa choo cha pamoja. Mpangaji anayeuliza kwa mara ya tatu kwa nini anatozwa maji ambayo hayakutoka bombani ataitwa na mwenye ploti mtu wa chokochoko, kwa matamshi yaleyale na kwa lengo lilelile ambalo mnyapara angelitambua mara moja. Katiba ya mwaka 2010 imempa mpangaji huyo haki ya kusema, katika ibara ya 33, na imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, katika ibara ya 7. Lakini katiba haigusi fasiri za maneno.

Wanazuoni wa lugha nao hawako nje ya jambo hili. Katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, hasa baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974, walioshikilia vina na mizani walionekana na wapinzani wao kuwa watu wa kuhesabu silabi huku shairi likiwapita. Wao kwa upande wao waliamini kwamba mizani iliyopungua ni sawa na debe lililopungua: si jambo dogo kwa anayelijua soko lake. Mgogoro huo ulizaa uhakiki mzuri kwa sababu pande zote mbili zilijibizana hoja kwa hoja. Neno uhakiki lenyewe limebeba haki na ukweli ndani yake, na ni vema likatumiwa kwa uzito huo, si kama jina la adabu la chokochoko.

Kwa upande wa kamusi, basi, ingizo la chokochoko linahitaji zaidi ya visawe viwili. Maana ya uchochezi na fitina ibaki, kwa kuwa ipo na hutumika. Iongezwe ya pili: ukosoaji au lalamiko linalorudiwarudiwa, ambalo anayelengwa nalo analiona kuwa dogo; na izingatiwe katika fasiri kwamba maoni hayo ni ya mlengwa. Ionyeshwe kwamba nomino hutumika zaidi na kitenzi -leta na -acha, katika nafsi ya pili na ya tatu. Itajwe kwamba katika Kenya ya bara ndiyo maana iliyotangulia kwa wasemaji wengi. Na -chokoa, -chokora, -chokoza, chokochoko na chokoraa, ambayo sasa hutawanywa kwa kufuata alfabeti kana kwamba hayajuani, yaelekezane moja kwa jingine, ili msomaji atakayelitafuta jina la kero apite kwanza kwenye kijiti, tundu na kile kilichokuwa kikitafutwa ndani yake.